Kabla Hujailaumu Siti ya Kruza, Angalia Miguu Yako Ilipo

Wiki ya kwanza mwenye kruza mpya, ile pikipiki nzito ya siti ya chini na miguu mbele, husifia muungurumo. Wiki ya pili anashika kiuno. Mwezi haujaisha, orodha imeshakuwa ndefu: siti inauma, mikono inakufa ganzi, shingo imekaza, pikipiki haigeuki uani, na kwenye kona inang'ang'ania kutoka nje ya njia. Ushauri anaopewa huwa ni uleule: nunua siti nyingine. Kwangu mimi huo ni ushauri wa kumpotezea mtu pesa. Siti inapaswa kuwa kitu cha mwisho kubadilishwa, maana mara nyingi inabebeshwa makosa ya vikanyagio, springi za nyuma na upepo wa tairi. Viwili kati ya hivyo vitatu vinarekebishwa bila kununua chochote.

Tuanze na kifandugu. Kaa kwenye kiti cha kawaida, nyayo zikiwa chini ya magoti, halafu inua makalio kidogo bila kushika kitu. Unaweza. Sasa peleka miguu mbele mpaka magoti yakaribie kunyooka, ujaribu tena. Huwezi, labda ujivute kwa mikono. Ndivyo ulivyo juu ya kruza yenye vikanyagio vya mbele. Nyonga inalala nyuma, kiuno kinajikunja kama upinde, na uzito unaopaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio unahamia kwenye kifandugu. Likija shimo, miguu haina uwezo wa kulipokea, kwa hiyo pigo linapanda mgongoni moja kwa moja. Ukifika kilomita 100 kwa saa, upepo unakusukuma kifuani nawe unajishikilia kwa usukani. Misuli iliyo kati ya mabega inaanza kuwaka hata saa haijafika. Hakuna sponji inayoweza kufuta hesabu hiyo.

Dawa ni kurudisha vikanyagio nyuma, hata kwa sentimita 3 au 5 tu. Tafuta kwanza kwenye kitabu cha pikipiki kama vina nafasi zaidi ya moja. Kawasaki Vulcan S, kwa mfano, imetengenezwa na nafasi tatu za vikanyagio, na bado wapo wanaoiendesha miaka bila kujua. Kwa kruza nyingine kuna seti za kuvileta katikati. Ukivihamisha, usisahau fimbo inayounganisha pedali ya gia na injini: nayo irefushwe au ifupishwe, pedali ikae usawa ambao kidole cha mguu kinaingia chini yake bila kukunja kifundo. Upande wa breki ya nyuma kagua mambo mawili, pedali isiwe imekandamizwa kidogo muda wote, na taa ya breki iwake pale tu unapokanyaga. Pedali iliyobaki imekandamizwa hupasha breki moto mpaka inashika yenyewe.

Vile vikanyagio vya ziada vinavyofungwa kwenye bomba la mbele, vya kunyooshea miguu safarini, ni vizuri kwa kubadilisha mkao. Kwenye foleni ni hatari, kwa sababu mguu uko mbali na breki.

Kinachofuata ni springi za nyuma, na hapa nitakaa kidogo. Siti ya chini ambayo kila mtu anaipenda dukani ina gharama yake: ili ishuke, safari ya gurudumu la nyuma hupunguzwa. Kruza nyingi zina milimita 80 hadi 110 tu za gurudumu kupanda na kushuka, wakati pikipiki za njia mbaya hufika 200. Ukiwa na milimita 80, kosa la 15 linasikika mgongoni.

Kupima springi zinazama kiasi gani ukikaa kunataka futi kamba, jeki na mtu wa kukusaidia. Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika utepe kwenye madigadi, wima juu ya ekseli, upime kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye utepe. Tuseme ni milimita 520. Ishushe, panda ukiwa umevaa kila unachovaa safarini, miguu yote juu ya vikanyagio, msaidizi akishikilia pikipiki isimame wima. Jidundishe mara moja, tulia, apime tena. Akipata 490, umezama milimita 30. Linganisha na safari ya gurudumu iliyoandikwa kwenye kitabu (ya gurudumu, siyo ya shokapu yenyewe, hizo ni namba mbili tofauti). Unatafuta kuzama kati ya robo na theluthi. Kwa safari ya milimita 90, basi, 23 hadi 30 ni sawa. Ukizama 45, kaza ringi ya springi, ile inayozungushwa kwenye shokapu kuibana springi. Ukizama 12, ilegeze. Kama shokapu ni mbili, hesabu hatua sawa kushoto na kulia.

Kuna imani moja inayozunguka sana kwamba kukaza ringi kunaifanya springi kuwa ngumu. Sivyo. Ugumu wa springi ni uleule. Ulichobadilisha ni mahali inapoanzia kazi. Ndiyo maana mtu mzito anaweza kukaza mpaka mwisho na bado akazama nusu ya safari, kila shimo likimalizika kwa "ta!" ya chuma kugonga chuma. Huyo anahitaji springi nyingine. Mtu mwepesi ana shida iliyo kinyume: springi iliyokazwa kupita kiasi haimwachii gurudumu nafasi ya kushuka likifuata bonde, hivyo linaruka na kumtupa juu. Wote wawili watakwambia "siti ni ngumu".

Kuzama huko kwa nyuma kunaharibu pia uendeshaji. Kruza tayari shingo yake, yaani bomba la fremu linaloshika usukani, imelazwa, mara nyingi kati ya nyuzi 28 na 34 kutoka wima, wakati pikipiki za mbio hukaa karibu na 24. Mlalo huo ndio unaofanya inyooke kwenye barabara ndefu. Nyuma ikizama kupita kiasi, mbele inainuka, shingo inalala zaidi, usukani unakuwa mvivu, na kona uliyoizoea inaanza kukutupa nje.

Upepo wa tairi hauna maneno mengi. Pima tairi ikiwa baridi, pikipiki imesimama angalau saa tatu, na ufuate namba iliyo kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabuni. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, siyo ya kufuata. Tairi la mbele likipungukiwa psi 6 tu, usukani unakuwa mzito kana kwamba unaendesha kwenye tope, na mtu anaanza kulaumu uzito wa pikipiki.

Mikono inayokufa ganzi huanzia kwenye pembe ya kifundo cha mkono. Kaa, fumba macho, acha mikono ishuke yenyewe kwenye usukani, nyoosha vidole. Vikitua juu ya wenzo wa klachi na wa breki bila kifundo kujikunja, pembe ni nzuri. Visipotua, legeza boliti za vishikizo vya nyenzo hizo kidogo tu, vizungushe, ukaze. Kisha angalia usukani wenyewe. Ukiukata wote kushoto, mkono wa kulia bado unafika bila bega kuvutwa? Kama haufiki, legeza vibano, urudishe usukani nyuma nyuzi chache. Ukishakaza, washa injini, iache ikiunguruma polepole, ukate usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Mizunguko ikipanda yenyewe, kebo ya mafuta inavutwa, na hutaki kuligundua hilo katikati ya kugeuza. Hapa ndipo wapenda usukani mrefu wanapojikwaa: usukani ukipanda sentimita 10, kebo ya klachi, bomba la breki na nyaya za swichi vyote vinataka kurefushwa, na bei ya usukani inageuka sehemu ndogo ya gharama.

Sehemu ya ganzi, lakini, mwendeshaji anajiletea mwenyewe. Injini kubwa ya V, yaani yenye silinda zilizopangwa kama herufi hiyo, ikiburutwa kwenye gia ya juu chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, inatikisa kila kitu. Shuka gia moja. Watu wanadhani mizunguko midogo ni kuitunza injini, kumbe wanaigongesha.

Kuhusu kioo cha mbele, ukingo wake wa juu ukae usawa wa pua au mdomo, uone barabara juu yake, siyo kupitia kwake. Kikifika usawa wa helmeti, upepo uliovurugika unaipiga kichwani kama ngoma, na shingo inaumia kuliko ungeendesha bila kioo.

Sasa lile lalamiko la "ni nzito". Kilo 300 zikishaanza kutembea hazina uzito wa kutisha. Kruza inabeba uzito wake chini sana. Tatizo ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Kwa sababu ya ule mlalo wa shingo, ukikata usukani sehemu ya mbele inashuka kidogo, na gurudumu linataka kuendelea kuanguka upande huohuo peke yake. Mwenye kruza mpya anashtuka, anabana breki ya mbele, usukani ukiwa umekatwa. Pikipiki inalala papo hapo. Usimtafute mchawi: katika mwendo wa chini ya kilomita 15 kwa saa, usukani ukiwa umepinda, vidole vitoke kwenye breki ya mbele.

Badala yake fanya hivi. Mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi ikishikwa pale inapoanza kuuma tu, yaani kupeleka nguvu kwenye gurudumu, na breki ya nyuma ikikanyagwa taratibu. Injini inasukuma, breki inazuia, na mvutano huo ndio unaoisimamisha pikipiki wima. Klachi ya kruza nyingi inaogelea kwenye oili, kwa hiyo dakika chache za kuteleza haziiunguzi. Ukisikia imeanza kubadilika, ipumzishe. Panga chupa kwenye uwanja mtupu, duara la mita 10 upana, uzunguke kushoto na kulia. Likishakuwa rahisi, punguza hadi 8, kisha 7. Kiwiliwili kibaki wima wakati pikipiki inalala ndani, na macho yatazame upande wa pili wa duara. Ukitazama gurudumu, unaanguka kwenye gurudumu. Nusu saa mara tatu kwa wiki inatosha kumaliza lalamiko hili.

Kwenye kasi mambo yanageuka. Kona ya kulia inaanza kwa kusukuma mkono wa kulia wa usukani mbele. Kwa kruza yenye tairi pana la nyuma, kama Harley-Davidson Fat Boy yenye tairi la upana wa milimita 240, kusukuma mara moja hakutoshi. Pikipiki ikilala, sehemu ya tairi inayogusa lami inahamia mbali na katikati, na nguvu ya barabara pale inaisukuma pikipiki isimame. Inabidi uendelee kusukuma kidogo mpaka kona iishe. Sio ubovu. Asiyependa hilo achague kruza yenye tairi jembamba tangu mwanzo, kwa sababu hakuna marekebisho yatakayoliondoa.

Vikanyagio vikikwaruza lami, kagua kwanza kipimo cha kuzama, kisha ingia kona polepole zaidi na usogeze mabega ndani. Vikanyagio hujikunja vikigusa, ni onyo tu. Kinachoangusha ni silensa au fremu kugusa baada yake, kwa kuwa chuma kisichojikunja kinaweza kulinyanyua gurudumu la nyuma kutoka barabarani.

Yapo malalamiko ambayo ni ubovu kweli, na haya hayasubiri mazoea. Ukiachia mafuta kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa na usukani ukaanza kutetemeka, kagua beringi za shingo na uchakavu wa tairi la mbele. Inua gurudumu la mbele, shika ncha za chini za shokapu uzivute mbele na nyuma: kuchezacheza kokote maana yake beringi zimelegea. Zungusha usukani taratibu. Ukihisi unakwama kidogo ukiwa umenyooka, beringi zimechimbika na kukaza hakutazisaidia. Pikipiki inayovuta upande mmoja wakati wote, pima umbali kutoka kwenye egemeo la fremu, pale mkono unaoshika gurudumu la nyuma unapoungana nayo, hadi ekseli ya nyuma, kushoto na kulia. Namba zikitofautiana, gurudumu limekaa mshazari.

Baada ya yote hayo, kama makalio bado yanalalamika, sasa zungumza na siti. Maumivu yanasema pa kuangalia. Mapaja ya ndani yakifa ganzi, pua ya siti ni pana. Ukiteleza kuelekea tenki, imeinama mbele, na pengine washa (kile kipete bapa cha boliti) nyembamba chini ya sehemu ya kufungia mbele inatosha kuinyoosha. Bonyeza kwa kidole gumba mahali unapokalia: ukigusa ubao wa chini, sponji imekufa, na fundi wa viti anaweza kuibadilisha bila wewe kununua siti nzima. Mto wa upepo nao unasaidia, ila karibu kila mtu anaujaza mno. Ujaze, ukae juu yake, ufungue valvu mpaka nafasi kati ya makalio na siti ibaki upana wa kidole kimoja. Ukisikia unayumba kwenye kona kama uliyekalia mpira, toa zaidi.