Malisho ya kiangazi: tupunguze ng'ombe, tuweke marobota au tuhame?

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Chukua kiangazi cha kuanzia Juni mpaka mwisho wa Oktoba, siku 150 hivi, hapo ni kilo 900 kwa ng'ombe mmoja, yaani marobota 60 ya kilo 15. Mwenye ng'ombe 100 anahitaji marobota 6,000, na tukisema robota ni shilingi 5,000 tu, hiyo ni milioni 30. Naanza na hesabu makusudi, kwasababu mjadala wa malisho ya kiangazi hapa Tanzania umejaa maneno, upande mmoja wanasema wafugaji wapunguze mifugo, wapande majani, wavune na kuhifadhi, upande wa pili wafugaji wanajibu kwamba tuachieni maeneo yetu tuhame kama wazee walivyohama, na ukimsikiliza kila mmoja peke yake unaona ana haki kabisa.

Wa kwanza tusiwadharau. Takwimu za wizara za 2023 zinataja ng'ombe zaidi ya milioni 36 nchini, ardhi haiongezeki, kinachoongezeka ni mashamba. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulipitisha misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana Kenya, Ethiopia na Somalia, Kenya peke yake ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5, na huku kwetu Longido na Simanjiro mifugo ilikufa kwa maelfu mwishoni mwa 2021 kuingia 2022. Kinachoumiza ni kwamba wengi wa wale ng'ombe mwezi wa sita walikuwa hela kamili. Nenda mnadani, iwe Meserani au Longido au hata Pugu kule Dar, uangalie mnunuzi anavyofanya kazi: anazunguka nyuma ya ng'ombe, anatazama mapaja, anashika shina la mkia kusikia kama kuna mafuta, anakaa kimya kidogo, ndo anataja bei. Oktoba akishaona mifupa ya nyonga imetokeza anajua huna pa kurudi nae, ukimrudisha atafia njiani, kwahiyo anataja anachotaka yeye na wewe unapokea. Ng'ombe ambaye Juni ungemuuza laki 8 unamuachia kwa laki 3 na unashukuru.

Kwahiyo anayesema uza mapema hakosei. Tatizo ni kwamba anasema "punguza" kana kwamba ng'ombe wote ni sawa, wakati mfugaji anajua kabisa kwamba maksai, dume la ziada na jike aliyezeeka asiyeshika mimba ni kitu kimoja, na mtamba au jike mwenye mimba ni kitu kingine. Ukame ukiisha kila mtu anatafuta majike, bei yake inapaa, na aliyeuza majike hawezi kuwanunua tena kwa ile hela. Halafu kuna ile hoja ya wazee ambayo wataalamu wengi wanaipita haraka: mwenye ng'ombe 200 akipoteza robo tatu anabaki na 50 na anaanza upya, mwenye 20 akipoteza robo tatu anabaki na 5 na anakuwa mlinzi mjini. Hiyo ni hesabu ya mtu anayeishi sehemu ambayo ukame mkubwa ni lazima urudi, na anayemwita mjinga inabidi kwanza ajaribu kuishi Simanjiro miaka kumi.

Ila hesabu hiyo ina shimo lake. Inamlinda mtu mmoja mmoja, haiwalindi wote kwa pamoja, kila boma likijaza ng'ombe kwa kujikinga basi majani yanaisha Agosti badala ya Oktoba na hapo hata yule wa 200 hana cha kubaki nacho.

Na majani yenyewe? Hapa ndo naona watu wengi tunakosea mwezi. Malisho ya kiangazi yanaamuliwa masika. Nyasi ya kudumu ikitafunwa mpaka chini wakati ndo inachipua, mizizi inafupika, na mizizi ikifupika mvua ikikata mapema hiyo nyasi haina pa kuchota maji, inakufa na pale panaota vitu visivyolika, kuna maeneo ya Arusha sa hivi gugu karoti limechukua kabisa. Ukiacha kama nusu ya jani, usiporudisha mifugo pale mpaka pamepona, unapata nyasi nyingi kuliko yule anayechunga kila siku sehemu ileile. Haihitaji trekta wala mkopo, inahitaji watu kukubaliana, na kukubaliana ndo kazi kweli.

Wasukuma walilijua hili kwa jina la ngitili, Wamasai wanalo kwa jina la alalili: sehemu inafungwa mvua zikiwa zinanyesha, hakuna mnyama anaingia, inafunguliwa kiangazi kikikaza na wanaotangulia kuingia ni ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha. Mfano wa Shinyanga tunapaswa kuusema kila siku. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alifika kule akasema mkoa unageuka jangwa, 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na badala ya kuleta kitu kigeni wakarudisha ngitili. Zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi, mradi unaisha 2004 zilikuwa zimepita laki 3. Nyasi zikarudi, kuni zikarudi, vijiji vikalinda vyenyewe kwa sungusungu na faini za kimila, anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati analipa.

Sasa nao upande huu una mapungufu yake, anayeuimbia tu bila kuyasema haisaidii jamii. Ngitili nyingi ni za mtu binafsi, na mwenye ardhi kubwa ndo mwenye ngitili kubwa, asiye nayo anakodi au anabaki nje ya uzio wa miiba na ng'ombe wake wanne. Moto wa Agosti ukiingia, mtu mmoja tu anachoma mkaa au anafukuza nyuki, miezi mitano ya kulinda imeisha kwa mchana mmoja, kwahiyo bila kukata njia ya moto mapema hujafanya kitu. Na nyasi iliyosimama inakauka ikiwa imesimama. Ikiwa changa inaweza kuwa na protini zaidi ya asilimia 10, ikifika Septemba imeshuka mpaka 3 au 4, na chini ya asilimia 7 hivi vile vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani vinakosa nguvu. Ndo maana unaona ng'ombe tumbo limejaa lakini anakonda, amekula, ila kilichomo ndani hakisagiki.

Hapo ndo robota linapata kazi yake, kama limekatwa kwa wakati. Wengi wanakata Julai nyasi zimeshamwaga mbegu na kuwa za njano, wanapakia lori zima la makapi. Nyasi inakatwa inapoanza kuchanua, inaanikwa siku mbili tatu na kugeuzwa, ukikunja fungu la nyasi mkononi na mashina yakavunjika badala ya kupinda hapo iko tayari. Mashine ya kufunga sio lazima, sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko linatosha: unapitisha kamba za katani ndani kwanza, mmoja anajaza, mwingine anakanyaga kwa miguu mpaka majani yabane, unafunga kamba, unainua sanduku na robota linabaki chini. Linawekwa juu ya magogo, mchwa wasipande, na juu pasivuje. Ukifunga majani mabichi kwa haraka ya kuwahi mvua, yanaota ukungu na unamlisha ng'ombe ugonjwa.

Lakini turudi kwenye ile milioni 30. Anayemwambia mfugaji wa Longido apande majani awalishe ng'ombe wote kiangazi kizima anamwambia kitu ambacho hata yeye hawezi. Kule mvua ni kidogo, na mvua ikikataa inakataa kote, malishoni na kwenye shamba la majani pia. Shamba linataka uzio, linataka mbegu, na mbegu nzuri za nyasi kama Rhodes au Cenchrus bado ni za kuulizia kwenye vituo vya malisho kama Vikuge na Kongwa. Wachaga wa mlimani wenye ng'ombe wawili bandani wanaweza, na wanafanya hivo miaka yote, wanashuka tambarare baada ya mavuno wanapakia mabua ya mahindi na maganda ya maharage wanapandisha. Ukichukua mfumo wa ng'ombe wawili ukaubandika kwa ng'ombe 100 unavunjika.

Mimi msimamo wangu ni kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya, tunaulizana marobota au kuhama kana kwamba kundi zima linapaswa kupata jibu moja. Ligawe kundi. Mwishoni mwa Mei au Juni, nyasi ikiwa bado inaonekana kwa macho, kaa chini na familia mhesabu: hawa wanauzwa sasa hivi wakiwa wamenona, hawa vijana wanaondoka nao kwenda ronjo, yaani kambi za muda kwenye malisho ya mbali, na hawa wachache wanabaki boma, wa maziwa, wenye mimba kubwa, ndama. Hao wachache ndo wa marobota, tena sio kiangazi kizima na sio mlo kamili. Ng'ombe anayeendelea kuchunga alalili ukamuongezea kilo 3 jioni kwa siku 60 za mwisho, Septemba na Oktoba, anahitaji kilo 180, marobota 12. Kwa ile bei yetu ya 5,000 ni elfu 60 kwa ng'ombe mmoja, na ng'ombe kumi ni laki 6. Ukiuza maksai mmoja Juni umewalisha kumi wanaobaki, na watoto wana maziwa. Hesabu inakubali hapo, pale juu haikukubali.

Na protini usiitafute kwenye majani tu. Shinyanga na Simiyu pamba iko hapohapo, nusu kilo ya mashudu ya mbegu zake kwa siku inafanya yale majani makavu yasagike. Kwenye ukanda wa migunga yale maganda yanayodondoka kiangazi ni chakula kizuri mno cha mbuzi na ndama, watoto wanayatikisa kwa fimbo ndefu yenye kulabu na kinamama wanaweka kwenye viroba, yana protini ambayo nyasi ya Septemba haiisogelei. Urea nayo, ile mbolea, inatajwa sana ya kunyunyizia mabua, inafanya kazi, ila kipimo kikizidi inaua ng'ombe siku hiyohiyo, kwahiyo ifanywe na afisa mifugo akiwa amesimama pale.

Kuhama nako hatuwezi kukufuta kwa tamko. Mvua ya nyanda kavu inanyesha kwa vipande, bonde hili limepata na lile limekosa, na mnyama mwenye miguu ndo anafuata majani, kuliko kuyasomba majani kumfuata yeye. Lakini kuhama bila makubaliano ndo tumeona damu ya wakulima na wafugaji Kilosa, Mvomero, Kiteto. Kijiji kikigawa ardhi yote kuwa mashamba, mapito ya mifugo yakalimwa, halafu tukamlaumu mwenye ng'ombe kwa kupita shambani, tumemuacha apite wapi? Huko huko Kiteto kuna jibu limejaribiwa, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga matumizi ya ardhi kwa pamoja, eneo la malisho likawa la wote watatu na likapewa hati, wakaliita OLENGAPA. Sheria ya malisho tunayo tangu 2010, kinachokosekana ni bajeti ya kupima vijiji na ujasiri wa viongozi wa kusema hapa hapalimwi. Naona sio haki kabisa kumhubiria mfugaji apunguze ng'ombe huku kila mwaka unamnyofolea eneo, vitu hivi viwili viende pamoja au visiende.

Bima nayo wenzetu Kenya wameijaribu, ilianza Marsabit 2010 na serikali ikaingia 2015, satelaiti inapima ukijani wa malisho na ukishuka chini ya kiwango unalipwa. Nzuri kama hela inafika mapema mfugaji akanunua chakula mnyama akiwa bado amesimama, ikifika ng'ombe ameshakufa ni rambirambi tu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo linaua ng'ombe wengi na karibu hakuna anayelipigia hesabu: mvua ya kwanza. Watu wanashangilia, wanamaliza robota la mwisho, wanafungulia mifugo yote siku ya pili kwenye kijani. Kijani kile ni maji matupu, ng'ombe dhaifu anazunguka kutwa nzima anakifukuza na hashibi, usiku ananyeshewa na baridi, asubuhi hawezi kuinuka. Na ile nyasi iliyokuwa inataka wiki mbili tatu tu ijijenge imetafunwa ikiwa na majani mawili. Kwahiyo unapopanga zile siku 60 ongeza siku 20 juu yake, marobota manne zaidi kwa kila ng'ombe, yafungiwe kabisa pembeni na mama mwenye boma ndo akae na ufunguo.