Tulimwambia Apumzike

Binamu yangu aliporuhusiwa kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, nyumbani kila mtu alikuwa na neno lilelile la kumpa: pumzika. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akisema anataka kutoka, anaulizwa anakwenda wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Simu yake ilikaa kwa mama yake "mpaka atulie." Dawa alimeza, kliniki alihudhuria, sindano ya kila mwezi hakuikosa hata mara moja. Akapumzika mwaka wa kwanza, akapumzika wa pili. Mwaka wa tatu alikuwa mtu wa kiti kilekile, upande uleule wa ukuta, amenenepa, mpole, hana shari na mtu. Daktari akaandika kwenye faili kwamba hali yake ni nzuri.

Na mimi nilimwambia apumzike. Kwa hiyo ninayoandika hapa kuhusu vituo vya jamii vya kuwasaidia watu wenye changamoto za afya ya akili nayaandika nikiwa mmoja wa waliokosea.

Mjadala wa vituo hivi kila ukianza huanzia kwenye majengo. Vyumba vingapi, washauri nasaha wangapi, kuna bustani, kuna uzio. Nadhani tunaanzia mbali. Kituo kizuri ni kile ambacho mtu asipofika, pengo lake linaonekana. Binamu yangu angeweza kutoweka siku nzima pale kwenye kiti na hakuna shughuli ya mtu yeyote duniani ambayo ingekwama. Hilo ndilo lililokuwa likimmaliza, na hakuna daktari wa kuliandikia dawa.

Kuna watu waliolijua hili mapema. Miaka ya 1940, jijini New York, watu kadhaa waliotoka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Rockland walianza kukutana. Hospitali ilikuwa imewaruhusu, na jiji halikuwa na haja nao. Kikundi chao wakakipa jina lenye maana ya Hatuko Peke Yetu. Mwaka 1948, kwa msaada wa wafadhili, wakapata nyumba iliyokuwa na chemchemi ya kujengwa bustanini, ndipo likaja jina Fountain House. Utaratibu unaofahamika leo ulishika sura baada ya 1955, John Beard, mtu wa ustawi wa jamii, alipochukua uongozi.

Anayefika pale haitwi mgonjwa wala mteja, anaitwa mwanachama. Na uanachama hauna mwisho: ukilazwa tena, ukapotea miaka mitano, ukirudi jina lako bado lipo. Nyumba inaendeshwa na wanachama pamoja na waajiriwa, na waajiriwa hao huwekwa wachache kwa makusudi. Simu ni lazima zipokelewe, chakula cha mchana kipikwe, hesabu ziandikwe, jarida litoke, wageni watembezwe. Waajiriwa peke yao hawawezi. Mimi naona ujanja wote wa Fountain House uko hapo. Ongeza waajiriwa, nao wanachama watarudi kwenye viti vyao kutazama.

Mwanachama asipoonekana kwa muda, wenzake humtafuta, kwa simu au kwa miguu. Hebu fikiria tofauti. Binamu yangu kwa miaka mitatu alitafutwa na watu waliotaka kujua kama amemeza vidonge. Hakutafutwa hata siku moja na mtu aliyesema, "Uko wapi wewe, kazi imelala."

Jambo jingine linalonivutia kwa Fountain House na klabu zilizofuata mfano wake ni ajira ya mpito. Klabu inakubaliana na mwajiri kwamba nafasi fulani ya kazi ni ya klabu. Mwanachama anaingia kwa muda, kwa kawaida miezi sita hadi tisa, saa chache kwa wiki, kwa ujira uleule ambao angelipwa mtu mwingine yeyote kwenye kazi hiyo. Kuwahi kulazwa hakumfungii mlango, wala kukaa miaka bila kazi. Siku akiamka hawezi, klabu inamtuma mwanachama mwingine, au mwajiriwa wake, akazibe nafasi. Mwajiri hapati hasara, na yule aliyeshindwa asubuhi ile hafukuzwi.

Nimelitafakari sana hili. Watu wengi ninaowajua wenye maradhi haya hawakupoteza kazi kwa kuwa hawaziwezi. Walizipoteza kwa sababu ya asubuhi mbili tatu za mwezi. Ulimwengu wa kazi unamsamehe mwenye homa, unamsamehe aliyevunjika mguu, ila anayepiga simu na kusema leo siwezi kutoka kitandani na sijui kwa nini, huyo anaandikiwa barua. Ajira ya mpito inazifunika asubuhi hizo bila kumwomba mtu ajieleze. Leo klabu za namna hii ni zaidi ya 300 katika nchi zaidi ya 30, na sijaona wazo jingine rahisi kuliko hilo likienda mbali hivyo.

Lakini kazi pia inaweza kuwa kongwa. Hospitali nyingi za zamani zilijaa wagonjwa wanaofagia, wanaofua, wanaolima, miaka nenda miaka rudi, bila malipo, na ikaitwa tiba. Kwa hiyo nikisikia kituo kinajisifu kwamba wanaohudumiwa "wanajishughulisha," swali langu la kwanza ni nani anauza mboga zile na fedha zinaingia mfuko wa nani.

Trieste, huko Italia, walilijibu swali hilo. Daktari wa akili Franco Basaglia alipofika kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya San Giovanni mwaka 1971, ndani ya kuta mlikuwa na watu wapatao 1,200. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakifanya usafi kwa jina la tiba waliunda ushirika. Ufagio ukabaki uleule, sakafu ileile, ila sasa kuna mkataba na mshahara. Mwaka 1973 wagonjwa, wasanii na wauguzi wakatengeneza farasi mkubwa wa buluu, wakampa jina la farasi halisi aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo chafu pale hospitalini, Marco Cavallo. Walipotaka kumtoa nje kwa maandamano, farasi hakupita mlangoni. Wakavunja ili apite. Sheria namba 180 ya mwaka 1978 ikapiga marufuku kulaza wagonjwa wapya kwenye hospitali za aina ile nchini Italia, na Trieste ikabaki na vituo vya mtaani vilivyofunguliwa saa 24, kila kimoja na vitanda vichache tu.

Wapo wanaosimulia habari ya Trieste kana kwamba kilichohitajika ni moyo na farasi. Hapana. Yako maeneo yaliyofunga hospitali kubwa kwa shangwe na yasifungue kitu kingine, na waliotoka wakaishia barabarani na magerezani. Kituo cha jamii si njia ya serikali kupunguza matumizi. Shirika la Afya Duniani linasema serikali kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na sehemu kubwa ya hiyo humezwa na hospitali za wagonjwa wa akili. Kinachobaki kwa mtaani ni makombo, halafu tunashangaa kituo hakina hata mtu wa kupokea simu usiku.

Na kama kuna anayeona haya ni mambo ya starehe tu, yaani watu kukutana na kupiga soga, akumbuke kwamba watu wenye maradhi mazito ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine. Wengi wanauawa na magonjwa ya mwili yanayozuilika: moyo, kisukari, mapafu. Kiti cha binamu yangu hakikuwa salama kama tulivyodhani.

Nigeuke kidogo niseme juu ya maneno, maana yananisumbua.

Huko Northampton, Massachusetts, ipo nyumba iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya watu wanaoona mambo yanaanza kuwazidi. Ina vyumba vitatu. Mtu anaweza kukaa hadi siku saba, bure, huku akiendelea kwenda kazini au shuleni akitaka. Wanaomhudumia wote ni watu waliowahi kupitia misukosuko ya namna hiyo wao wenyewe. Haulizwi ugonjwa wake unaitwaje. Shirika la Afya Duniani liliitaja kama mfano mzuri katika mwongozo wake wa mwaka 2021. Nyumba hiyo inaitwa Afiya. Ndiyo, neno letu hilihili, na herufi yake ya ziada kama wazee walivyolitamka. Wamelichukua kwetu wakaliandika mlangoni, nasi tumebaki na "Mirembe", jina la hospitali ya akili ya Dodoma, na "vichaa", kama maneno ya kutaniana.

Jina la mlangoni lina uzito. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe aliyeanza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kuwasikiliza watu wenye msongo, alitaka benchi walizokalia wakisikiliza ziitwe benchi za afya ya akili. Bibi wale wakamwambia hakuna atakayekalia. Zikaitwa benchi za urafiki, na watu wakaja. Bibi waliona katika dakika moja kile ambacho miradi mingi hukigundua baada ya kuchora kibao kikubwa barabarani.

Neno jingine ni kupona. Kwa Kiswahili aliyepona ni yule ambaye ugonjwa umemwacha. Ndiyo maana ndugu wanauliza, "Sasa amepona?" na jibu likiwa bado, wanaendelea kumweka kwenye kiti. Kwa watu wa vituo hivi kipimo ni kingine. Mtu anaweza kusikia sauti asubuhi na bado akafungua duka. Anaweza kumeza vidonge maisha yake yote na akawa mweka hazina wa kikundi asiyepoteza hata senti. Mimi ningependa tuseme ahueni, neno lenye nafasi ya kuendelea kuumwa kidogo huku unaishi. Tukingoja kupona, wengine watazeeka wakingoja nasi.

Najua jamaa wa wagonjwa watanijia juu. Watasema: wewe umekaa na mtu aliyevunja vyombo vya ndani saa nane ya usiku? Nimekaa. Sisemi dawa ziachwe, wala sisemi wodi zifungwe kesho. Ninasema familia pia imechoka na inastahili mlango wa kugonga kabla vyombo havijavunjika. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alilielewa hili huko Aro, Abeokuta, mwaka 1954. Wagonjwa wake walipangishwa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja na ndugu yake wa kumwangalia, wakipata matibabu mchana na kurudi kulala miongoni mwa watu. Ndugu hakuachwa nje ya geti na mfuko wa nguo mkononi. Alikuwa sehemu ya tiba, na bila shaka alijifunza mengi zaidi ya yale tuliyojifunza sisi kwenye kile kikao cha dakika kumi siku ya kuruhusiwa.

Siku hizi nikipelekwa kutembelea kituo, huwa sikai sana ofisini kwa mratibu kusikiliza malengo. Natafuta vitu viwili vitatu. Je, choo cha wafanyakazi ni tofauti na cha wengine? Katika klabu za mfano wa Fountain House hakuna chumba kilichotengwa kwa waajiriwa peke yao, na kanuni hiyo ndogo inaeleza mengi kuliko kurasa za kanuni nyingine. Nani anaketi kwenye kamati inayopitisha bajeti? Na funguo ziko kwa nani? Nimewahi kuingia mahali palipopakwa rangi nzuri, kuta zina maneno ya kutia moyo, mhudumu akatembea mbele yangu akifungua na kufunga kila mlango kwa mnyororo wa funguo uliokuwa ukilia kiunoni. Sikuhitaji kuuliza kitu.

Binamu yangu sasa yuko kwenye kikundi. Kidogo tu, watu kama ishirini, wanakutana katika chumba walichopewa kwa siku tatu za juma, wanashona mikoba na kugombana juu ya bei. Hakuna daktari kati yao. Mwanzoni mama yake alikwenda naye, akaketi mlangoni, mpaka wanachama wenyewe wakamwomba kwa adabu aende nyumbani.

Wiki kadhaa zilizopita aliamka vibaya. Naijua sura ile: mto juu ya kichwa, pazia limefungwa. Mama yake akaanza kulitamka lile neno letu la zamani. Simu ikalia. Upande wa pili sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za watu wengine. Hakusalimia sana.

"Ufunguo wa stoo unao wewe," alisema. "Tumesimama nje tangu saa mbili."

Akakaa kitandani dakika nyingi, akitazama miguu yake. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.