Baa zikifungwa, meli bado zinanguruma
Makala inasema wakazi wa karibu na bandari wanakosa usingizi kwa sababu ya baa za watalii, na kwamba zikifungwa mapema tatizo limekwisha. Sikubaliani. Muziki huzimwa, lakini meli ya watalii iliyofunga gati huwasha jenereta usiku kucha ipate umeme wa taa, majiko na viyoyozi. Mngurumo ule mzito hupenya ukuta na dirisha lililofungwa. Mtu anausikia kifuani. Na vipimo vya kawaida vya desibeli huipunja sauti nzito ya namna hiyo, ndiyo maana malalamiko yetu hupuuzwa! Meli ziunganishwe na umeme wa nchi kavu, zizime injini. Mnaokaa karibu na gati, kwenu wameshaanza?