Hazina ya Joka si Mshahara

Kuna mazoea yaliyokita mizizi kwenye meza zetu za michezo ya uhusika, ile ambayo kila mchezaji anaigiza shujaa wa kubuni na mwendesha mchezo anasimulia ulimwengu. Wahusika wakiwa leveli ya tatu, yaani ngazi ya tatu ya uwezo, kila kasha wanalofungua lina vitu vya leveli ya tatu. Wakifika leveli ya kumi, makasha ya nchi nzima yamenenepa pamoja nao. Mwendesha mchezo anachungulia jedwali, anatafuta mstari wa leveli, anagawa. Kwangu hiyo si hazina tena, ni mshahara, na sijawahi kuona mtu akitetemeka mbele ya mlango wa pango kwa sababu ya mshahara.

Mchezo haukuanza hivyo. Dungeons & Dragons ya 1974, ile ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilipanga mali kwa kina cha shimo, lile pango la chini ya ardhi lenye ghorofa. Ghorofa ya juu ina vijisarafu. Kadiri unavyoshuka, mali inaongezeka na mazimwi yanazidi kuwa makali. Wa kuamua ashuke hadi wapi alikuwa mchezaji mwenyewe. Wageni wa mchezo wangeweza kuporomoka hadi ghorofa ya nne kwa tamaa tu, wakarudi matajiri au wasirudi kabisa. Leveli ilihesabiwa, ndiyo, lakini ilipunguza pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika leveli, haikugusa dhahabu. Sarafu moja ya dhahabu ilikuwa pointi moja, ila mchawi wa leveli ya nane akihangaika ghorofa ya tano alipewa sehemu tano tu kati ya nane za pointi zake. Mali anaondoka nayo yote, sifa hapati yote. Bado sijaona kanuni iliyowazuia wakubwa kuonea mapango ya wadogo kwa ustadi kama huo.

Toleo la tatu la mchezo huo, mwaka 2000, ndilo lililoweka wazi jedwali la utajiri kwa leveli: mhusika wa leveli ya 5 awe na mali ya dhahabu 9,000, wa 10 awe na 49,000, wa 20 awe na 760,000. Nalitetea kidogo jedwali hili, maana lilikuwa na sababu. Upanga wa ajabu wa +1, unaoongeza moja kwenye dadu ya shambulio, uligharimu kama 2,000, wa +2 kama 8,000, wa +3 kama 18,000, na mazimwi yalipimwa kwa kudhani kwamba silaha hizo unazo. Ukiwanyima watu mali, mapanga yao hayapenyi ngozi ya adui. Lakini angalia kilichotokea: dhahabu ikageuka sehemu ya mwili wa mhusika, kama nguvu zake au afya yake. Toleo la nne likaenda mbali zaidi mwaka 2008, wachezaji wakashauriwa kumwandikia mwendesha mchezo orodha ya vitu wanavyotamani. Hapo hata kasha halina haja ya kufungwa.

Toleo la tano la 2014 lilivunja kifungo hicho cha kudai silaha za ajabu, kisha likasahau kupunguza mafuriko. Hazina kubwa inayolindwa na kiumbe wa daraja la ugumu la 17 kwenda juu ni dadu 12 za pande sita mara sarafu 1,000 za dhahabu, juu yake dadu 8 mara 1,000 za platini. Ukibadili platini kuwa dhahabu, kwa wastani ni thamani ya dhahabu 322,000. Sasa fungua orodha ya bidhaa: vazi la chuma kamili, ghali kuliko mavazi yote ya vita, ni 1,500. Hizo nyingine unazipeleka wapi?

Najua jibu la wengi: bila kipimo cha leveli, wahusika wachanga watamwibia joka na mchezo utaharibika. Mimi nasema waache waibe. Chukua lundo la sarafu 30,000. Kwa kanuni za toleo la tano sarafu 50 ni ratili moja, kwa hiyo lundo lina ratili 600, karibu kilo 270. Mtu mwenye nguvu 10 anabeba ratili 150. Wezi wanne wa nguvu hiyo wataliondoa lote wakivua silaha zote na kuacha hata chakula, huku mwenye mali akiwa hajafa. Wakifanikiwa, wana punda wa kununua, mlinzi wa kuhonga, na mtawala wa mji anayetaka kujua utajiri huu umetoka wapi. Hapo mna vikao vya mchezo vya mwezi mzima bila kuandaa kitu.

Na pesa ziwe na pa kwenda. Toleo la zamani liitwalo Advanced lilitoza mafunzo ya kupanda leveli: dhahabu 1,500 mara leveli yako, kwa kila wiki. Mtu wa leveli ya 5 alilipa 7,500 kwa wiki. Wachezaji wengi walinung'unika, lakini walirudi shimoni wakiwa na shida halisi ya hela, na shida ya hela ndiyo iliyowafanya wathubutu ghorofa inayofuata.

Silaha za ajabu peke yake ndizo ninazozitenga. Mfumo ukidai +2 ili hesabu ikae sawa, mpe mhusika nyongeza hiyo moja kwa moja anapopanda leveli, jinsi Pathfinder, mchezo mwingine wa uhusika, unavyoruhusu kwa kanuni yake ya hiari, halafu upanga wa kale ulioko kaburini uwe na jina, historia na mdai wake.