Programu za Sayansi kwenye Linux: Tuzisihi Kampuni au Tuzihame?

Katika maabara moja ya maji hapa Kisumu kuna mashine ya kupima kemikali ambayo siku hizi inatumika kama meza ya kuwekea vitabu. Yenyewe haina ubovu. Kilichokufa ni kompyuta iliyokuwa ikiiongoza, na programu iliyokuja nayo haikubali kukaa popote isipokuwa kwenye Windows ya zamani ambayo haiuzwi tena. Vipimo vyetu vya miaka mitatu kutoka Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, vimefungiwa ndani ya faili ambazo hakuna programu nyingine inayozifungua. Tuliwaandikia watengenezaji kuwauliza kama wana toleo la Linux, mfumo endeshi wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Wakajibu kwa adabu kwamba wanauza mashine mpya.

Ndiyo maana swali hili linanigusa. Je, watafiti wa huku waendelee kuzisihi kampuni zilete programu zao kwenye mifumo endeshi huria kama Linux, au waziache kabisa na kuhamia programu huria?

Wanaosihi wana sababu nzito. Mwanafunzi wa uzamili wa Maseno, Masinde Muliro au Egerton hachagui programu, anachaguliwa. Msimamizi wake alisomea hiyo, mfadhili anadai faili za aina hiyo, na watafiti wenzake walioko ng'ambo wanamtumia hizo hizo. Kompyuta yake aghalabu ni ya mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi kuukuu hazina. Linux ingeiongezea kompyuta hiyo miaka bila ya mwenyewe kutoa senti. Lakini akihamia huko, ArcGIS Pro ya kuchorea ramani haimfuati, na NVivo ya kuchambulia mahojiano haimfuati. Basi anabaki alipo, mara nyingi na nakala iliyokrakiwa aliyopewa kwenye flashi pamoja na virusi vyake.

Nakala hiyo ya wizi ina madhara ambayo hayazungumzwi sana. Kampuni huhesabu leseni ilizouza, haihesabu watu wanaofungua programu yake kila asubuhi. Katika daftari lake, idara nzima yenye watumiaji arobaini inaweza kuonekana kama mteja mmoja, au isionekane kabisa. Idara hiyo ikiandika barua kuomba toleo la Linux, atakayeisoma ataona ombi la mtu asiyenunua.

Kwa upande wao, kampuni zina hoja ambayo wapenzi wengi wa Linux huipuuza haraka mno. Kuhamisha programu si kubonyeza kitufe. Hesabu za ndani huhama bila shida kubwa; sura ndiyo isiyohama. ArcGIS Pro, kwa mfano, imejengwa kwa WPF, zana ya Microsoft ya kutengenezea madirisha na vitufe, ambayo inafanya kazi kwenye Windows peke yake. Kuileta Linux ni kuandika upya karibu kila kitu anachokiona mtumiaji. Tena Linux haiko moja. Ubuntu, Debian na Fedora kila moja ina matoleo yake na ratiba yake ya mabadiliko, na kampuni itakayoahidi msaada italazimika kujibu simu za wote. Juu ya hayo, programu ya takwimu ikitoa jibu hili kwenye mfumo mmoja na jibu lingine kwenye mfumo wa pili, sifa yake imekwisha. Kila toleo hupimwa upya, na kupima ni gharama.

Naiheshimu hoja hiyo, lakini haimalizi habari. MATLAB, programu ya hesabu, ina toleo la Linux. Mathematica, nayo ya hesabu, inalo, na Stata ya takwimu inalo. Hata Esri, kampuni ile ile ya ArcGIS, huuza programu yake ya seva kwa watumiaji wa Linux. Zimefikaje huko? Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 katika orodha ya TOP500 ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani hutumia Linux. Wateja wakubwa walikuwa wameshahamia, na kampuni zikafuata pochi. Sidhani kuna barua ya kusihi ingeweza kufanya kazi hiyo.

Kuna na kundi la tatu, la wasiotaka programu hizo zije kamwe. Richard Stallman, aliyetangaza GNU, mradi wa kuunda mfumo endeshi huria, mwaka 1983, ameshikilia kwa miongo kwamba programu iliyofungwa, ambayo mtumiaji haruhusiwi kuiona ndani wala kuibadilisha, hubaki imefungwa hata ikiletwa kwenye mfumo huria. Zamani niliuona msimamo huo kuwa wa watu wasiojua shida za maabara. Mashine yetu imenibadilisha mawazo kwa kiasi. Tuseme tungepewa toleo la Linux: faili zetu zingebaki katika muundo wa siri ule ule, na siku kampuni itakapoachana na toleo hilo tungerudi pale pale. Kilichotufunga zaidi ya mfumo endeshi ni ule muundo wa faili.

Wanaotaka tuhame kabisa wana mfano wa jirani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilipata mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Mpango wa AMPATH, unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi na washirika kutoka Indiana, ulipoanza kuhudumia maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi, mfumo huo ulizidiwa. Wahusika hawakuipigia kampuni magoti. Kuanzia 2004 walishiriki kujenga OpenMRS, mfumo huria ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Najivunia hilo, ila silichukui kama dawa ya kila maabara. Mradi ule ulikuwa na madaktari, waandishi wa programu na fedha za wafadhili. Maabara yenye mafundi wawili haiwezi kujiandikia programu ya kuongoza mashine ambayo lugha yake imefichwa na mtengenezaji.

Hapo ndipo mimi ninapozitenga kazi hizi. Kwa takwimu na ramani, tuhame. R, programu huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, inatosha kwa tasnifu nyingi. QGIS, programu huria ya ramani iliyoanza 2002, ikipewa picha za setilaiti za Landsat ambazo ni za bure tangu 2008, inachora kuenea kwa gugumaji ziwani bila leseni ya mtu. Gharama iko kwa wahadhiri, ambao itawabidi wajifunze upya walichokifundisha kwa miaka, na chuo kisichowatengea muda huo kisitarajie wahame.

Kwa mashine za maabara hatuna pa kuhamia, kwa hiyo tujadiliane, na wakati wa kujadiliana ni kabla ya kulipa. Vyuo vyetu vinaijua njia hii: kupitia KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, vilijiunga kununua intaneti kwa pamoja, kwa kuwa chuo kimoja kimoja hakikuwa na sauti. Navyo viombe madogo kwanza. Anayekataa kuandika toleo la Linux anaweza kukubali kuijaribu programu yake kwenye Wine, chombo huria kilichoanza 1993 cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, na kusema waziwazi kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka mahitaji yaelezwe kwa namna inayoacha nafasi ya ushindani, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kamati zinazoandaa zabuni za vifaa sasa zinaweza kuongeza sharti moja: muuzaji akabidhi maelezo kamili ya muundo wa faili na ya jinsi mashine inavyowasiliana na kompyuta, na matokeo yote yaweze kutolewa kama maandishi ya kawaida. Maelezo hayo mtengenezaji anayo tayari, maana wahandisi wake waliyahitaji kuijenga mashine.