Dodoma Kitovuni

Kuna kipindi kimoja hapa Dar, cha kituo kidogo ambacho jina nalihifadhi, nao wana watoto wa kulisha. Kinaanza karibu na saa sita usiku. Waalikwa tunasimulia ndoto, tunakata mauno, halafu mmoja anachaguliwa kwa makofi asome utabiri wa hali ya hewa kwa mbwembwe zake. Zawadi ni ndoo ya mafuta ya kula, na kwa bei ya mafuta ilivyo, mtu mzima na ndevu zake anakubali kukata mauno.

Jioni hiyo Yanga ilikuwa imeshinda. Nikaenda na jezi yangu, ile ya kijani tupu yenye ukosi wa njano.

Makofi yakaniangukia mimi. Nikasimamishwa mbele ya kitambaa kikubwa cha kijani, nikaambiwa ramani wanaiona watazamaji kwenye runinga. Kompyuta imeamrishwa hivi: kila penye kijani, bandika Tanzania. Habari za jezi haikuambiwa.

Nikaanza. "Wananchi, Kanda ya Ziwa jiandaeni, ngurumo hizo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaongeza madoido. Mama mmoja mbele akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Nikajisemea, kumbe kipaji ninacho, nimechelewa tu kugunduliwa.

Simu ikapigwa.

"Mama, punguza sauti ya TV yako kwanza."

"Nimepunguza, baba. Naulizia huyo kijana, kiwiliwili chake kiko wapi? Wajukuu zangu wameingia uvunguni!"

Nikacheka naye, nikidhani ananitania kwa wembamba wangu. Ndipo mtangazaji, machozi yanamtoka, akanigeuza nione runinga ya pembeni. Kichwa changu kilikuwa kinaelea. Chini yake ukosi wa njano, mikono miwili haina mwenyewe, na suruali nyeusi imesimama peke yake. Katikati ni nchi. Dodoma ilikuwa kitovuni, Ziwa Tanganyika limelala ubavu wa kulia, na kiwingu cha mvua kinanitembelea tumboni kuelekea Morogoro.

Mpiga kamera akajitolea kuniokoa. Akavua koti, akavua na fulana ya ndani, akaninyooshea. Jezi nyekundu. Ya Simba!

"Vaa upesi, tuko hewani."

"Kaka, nashukuru. Bora nibaki kichwa."

Ukumbi ulilipuka hadi wakakata matangazo. Tuliporudi nilimalizia mikoa ya kusini hivyohivyo, nikakabidhiwa ndoo yangu, nayo ikaonekana inabebwa na mikono mitupu juu ya Singida.

Asubuhi nimejipanga kwa mama wa vitumbua, shati jeupe, kimya. Jirani yangu, Simba damu, akanipita, akasimama, akarudi.

"Mama, huyu usimuuzie. Ataviweka wapi?"