Mtoto kiziwi wa Katuba: alipiwe na Kinshasa au na Haut-Katanga?

Mama mmoja wa avenyu yetu hapa Katuba, komini ya Lubumbashi katika jimbo la Haut-Katanga, Kongo, alimpeleka mwanawe wa miaka tisa kuandikwa shule ya msingi. Mtoto ni kiziwi. Direktere hakumfukuza, alimfungulia mlango wa darasa aone mwenyewe: watoto zaidi ya themanini, mwalimu mmoja, benchi hazitoshi. "Mama, huyu nitamkalisha wapi, na nani atamsemesha?" Mama akaenda kwenye shule ya viziwi inayosimamiwa na kanisa. Huko kulikuwa na nafasi, lakini waliomba pesa kila mwezi, kwa sababu baadhi ya walimu wao hawamo kwenye listingi ya malipo ya serikali. Mama anauza mboga. Mtoto yuko nyumbani hadi leo.

Shule zote mbili, kwa karatasi, ni za leta, yaani za serikali. Tangu mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa, shule za makanisa zilizosaini zinahesabiwa kuwa za umma. Na kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure, neno ambalo serikali ya Rais Tshisekedi ilianza kulitekeleza Septemba 2019. Kwa hiyo mama huyu aliombwa pesa kwa kitu ambacho Katiba imekwisha kusema hakilipiwi.

Nani azibe pengo hilo? Wengi watajibu Kinshasa, yaani serikali kuu, na wana hoja. Mishahara ya walimu inatoka huko, na nchi ina majimbo 26. Haki ya mtoto asiyeona haipaswi kutegemea alizaliwa Lubumbashi au Kabinda kule Lomami. Lakini malipo ya Kinshasa yanaenda kwa nafasi ya mwalimu na darasa lililokubaliwa. Darasa la viziwi kumi linadai mwalimu mmoja sawa na darasa la watoto themanini. Anayeisoma listingi kutoka mbali ataona hasara. Wakati huohuo nyuma ya mlango kuna foleni ndefu ya walimu wa NU (nouvelles unités, yaani wapya) na NP (non payés, yaani wasiolipwa), wanaofundisha bila mshahara na kungoja kuandikwa. Kabla ya 2019 wazazi ndio waliowabeba kwa primu, pesa walizotoa shuleni kuwalipa walimu. Primu ilipofutwa, shule ya kawaida ilipoteza, ila shule ya viziwi ilipoteza mara mbili, maana mahitaji yake ni mengi na wazazi wake ni wachache.

Wengine wanafungua Katiba ileile kwenye kifungu cha 204. Hapo, katika kazi za jimbo peke yake, elimu maalumu imetajwa kwa jina, pamoja na ya msingi na ya sekondari, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Nadhani mstari huu umesahauliwa mno hapa kwetu. Haut-Katanga si jimbo maskini. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya makampuni kwa madini wanayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa kimila wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Karatasi za breli, mafunzo ya lugha ya ishara, ngazi iliyogeuzwa kuwa mteremko: hayo hayalemei jimbo linalochimba shaba.

Hata hivyo hoja hiyo ina mashimo. Katuba na jirani yake Kenya, komini nyingine ya Lubumbashi, hazina mgodi; ile asilimia 15 inaenda kwingine. Majimbo yasiyo na madini yangebaki na nini? Tena madini hayana mwezi wa uhakika. Februari 2025 serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na simamisho hilo likaendelea kwa miezi. Mwalimu wa viziwi hawezi kula kufuatana na bei ya kobalti.

Ndiyo maana mimi naigawa hesabu. Mshahara ubaki Kinshasa, kwa kanuni inayokubali waziwazi kwamba darasa la watoto kumi ni darasa kamili. Vifaa, mafunzo na usafiri vitoke jimboni. Mwaka mbaya wa madini ukija, karatasi zitapungua, lakini mwalimu atakuwa darasani.

Kuna wanaopinga hata shule hizo maalumu zenyewe. Kongo iliingia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na mwaka uliofuata kamati ya mkataba huo ikasema kwamba kuendelea kuwa na mifumo miwili ya shule, wa wote na wa pembeni, hakupatani nao. Kwa msichana wa kiti cha magurudumu wako sahihi kabisa. Anahitaji mteremko na darasa la chini. Kumvusha mji mzima ni kumnyima majirani zake. Kiziwi ni jambo lingine. Yeye anahitaji lugha, na lugha ya ishara haikui kwa mtoto mmoja aliyekaa kati ya wasemaji themanini. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alianza na shule Ghana mwaka 1957, kisha akafungua nyingine katika nchi nyingi za Afrika, na viziwi walipokutana humo walipata kusemezana, si masomo tu. Ukifunga nyumba hizo kabla walimu wa kawaida hawajajifunza ishara, utakuwa umewachanganya watoto kwenye orodha na kuwaacha kimya kwenye benchi.

Bunge la jimbo huwa na kikao cha bajeti kuanzia mwisho wa Septemba, wakati shule zimekwisha kufunguliwa. Natafuta humo mstari mmoja tu wenye jina la elimu maalumu, unaosema ni shule zipi, walimu wangapi wa kufunzwa ishara, na kiasi gani cha faranga, ili mbunge wa Katuba aweze kuulizwa juu yake. Mwana wa yule mama atakuwa na miaka kumi.